Kreatinini 138: figo za mume wangu zimekufa au bado?

Shikamoo daktari.

Mume wangu ana miaka 52, ni dereva wa lori kati ya Tanga na Arusha. Presha anayo huu mwaka wa nane. Kaandikiwa amlodipini ya miligramu 5, lakini huimeza siku kichwa kikimgonga tu. Mwezi uliopita alikwenda kupimwa kabla ya kupasuliwa ngiri. Presha ikakutwa 158/96, kreatinini 138, mkojo una protini ya alama ++, sukari kabla ya kula 5.4, VVU hana. Altrasaundi inasema figo ya kulia sentimita 10.2, ya kushoto 10.5, na chini pameandikwa "kawaida". Daktari akasema figo zina walakini, upasuaji usubiri, arudi baada ya miezi mitatu. Basi, hakuongeza neno.

Shemeji anasema tumefichwa, figo zimeshakufa, ndiyo maana mgongo unamuuma. Kwa mgongo huo anameza diklofenaki ya miligramu 50 asubuhi na jioni, karibu kila siku akiwa safarini. Jirani naye katuletea mizizi ya kuchemsha na kumwamuru anywe maji lita tano kwa siku.

Nauliza: ana ugonjwa sugu wa figo au hana? Mbona picha ni safi na damu ni mbaya? Hiyo miezi mitatu ni ya kungoja nini? Na je, tuanze kutafuta pesa za mashine ya kusafisha damu?

Mama Watatu, Tanga

JIBU

Marahaba, dada. Kabla ya yote, diklofenaki iwekwe chini leo, na sufuria ya mizizi imwagwe. Hayo mengine yanaweza kuelezwa taratibu.

Swali lako la kwanza halijapata jibu, na si kwa sababu mnafichwa. "Sugu" hapa haina maana ya "mbaya sana", ina maana ya muda. Mtu husemwa ana ugonjwa sugu wa figo pale ambapo alama ya figo kuharibika, au kushuka kwa kazi yake ya kuchuja, imeonekana kwa miezi mitatu au zaidi. Kreatinini ya siku moja inaeleza siku hiyo. Huenda figo za mumeo ziko hivyo tangu mwaka juzi, huenda ziliumia wiki ile ile aliyopimwa. Karatasi moja haiwezi kutofautisha. Mngekuwa na majibu ya kreatinini ya zamani, hata ya miaka miwili nyuma alipopimwa afya kwa ajili ya kazi, yangeokoa muda mwingi. Pekueni makabrasha, na mkiikuta karatasi hiyo iende naye kliniki.

Sasa hiyo 138. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo huitoa kwa mkojo, zikilegea hubaki kwenye damu. Namba yenyewe ikiwa peke yake inadanganya, kwa sababu watu hawalingani misuli. Ndiyo maana hutiwa kwenye fomula pamoja na umri na jinsia, ikatoka namba nyingine ambayo maabara huiandika eGFR: makadirio ya mililita ngapi za damu figo zote mbili zinachuja kwa dakika. Kwa mwanamume wa miaka 52, kreatinini 138 inatoa kama 53. Kwa mwanamke wa umri huo huo, 138 ileile inatoa 40 hivi, maana mwanamke kwa kawaida ana misuli michache, na taka ikimfikia 138 ujue figo zake zimelegea zaidi. Kijana wa kiume wa miaka 25 angepata 63. Karatasi moja, namba moja, watu watatu tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia "kreatinini yangu ilikuwa 140 na mbona niko salama", msikilize kwa heshima tu.

(Karatasi ikisomeka 1.56 badala ya 138, msishtuke wala msifurahi. Hiyo ni miligramu kwa desilita, na 138 ni mikromoli kwa lita. Ukigawa 138 kwa 88.4 unaipata ile ile.)

Mkirudi, ulizeni maabara inatumia fomula gani. Inayopendekezwa sasa ni CKD-EPI ya 2021. Ziko mashine ambazo bado zina ile ya 2009, ambayo kwa mtu mweusi huzidisha jibu kwa 1.159, na kwa mumeo ingetoa 58 badala ya 53. Kizidisho hicho kilitokana na Wamarekani weusi. Watafiti walipowapima watu wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini kwa njia sahihi zaidi, walikuta fomula za kreatinini zinapamba hali ya figo, na kizidisho kinazidi kuipamba. Ubaya wake kwenu ni huu: mkipimwa kwanza pa fomula mpya na mara ya pili pa fomula ya zamani, mtatoka 53 hadi 58 na kumshukuru jirani kwa mizizi yake, kumbe hakuna kilichobadilika isipokuwa hesabu. Pimeni maabara moja mara zote.

Viko pia vitu vinavyopandisha kreatinini bila figo kuwa mbaya kuliko zilivyo. Nyama choma nyingi ya usiku wa jana ni kimojawapo, kwa hiyo siku moja kabla ya kipimo asile nyama. Septrin ni kingine: ile trimethoprimu iliyomo huziba mlango ambao figo hutumia kutoa sehemu ya kreatinini, namba ikapanda ilhali uchujaji uko pale pale. Dolutegravir, iliyomo kwenye vidonge vya VVU vinavyotumika sana sasa, hufanya vivyo hivyo. Mumeo haimhusu, lakini msomaji mwingine itamhusu. Na unga wa kreatini wa vijana wa gym, huo usisahaulike.

Diklofenaki haimo kwenye kundi hilo. Hii inaumiza kweli. Mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio cha figo hubaki umefunguka kwa msaada wa kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, na mwili huzitegemea zaidi pale maji yanapopungua. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake huzizuia hizo. Sasa mfikirie dereva aliyejinyima maji ili asisimame njiani kukojoa, kwenye kibanda cha lori chenye joto, na miligramu 100 za diklofenaki tumboni. Mshipa unabanwa, kichujio kinakosa msukumo, kreatinini inapanda. Dawa hizo hupandisha na presha. Mumeo hakufanya kosa la ajabu, zinauzwa kila duka la dawa. Kwa mgongo atumie parasetamoli, gramu 1 (vidonge viwili vya miligramu 500) hadi mara tatu kwa siku, na dawa za kuchua za kawaida, ila asome pakiti kwanza: jeli nyingi za kuchua ndani yake ni diklofenaki.

Hapa ndipo penye kasoro ya agizo mlilopewa. Kumwambia mtu mwenye kreatinini mpya ya 138 arudi baada ya miezi mitatu bila kipimo cha katikati si sawa, kwa sababu kama figo ziliumia ghafla, miezi mitatu ni mingi mno. Arudie kreatinini na potasiamu (madini ya damuni ambayo figo hutoa ziada yake) baada ya wiki moja hadi mbili bila diklofenaki. Likija mojawapo ya majibu matatu haya, lisomeni hivi. Ikishuka kuelekea 100, sehemu kubwa ilikuwa ya dawa na kiu. Ikibaki karibu na pale pale, ndipo miezi mitatu inaanza kuhesabiwa tangu kile kipimo cha kwanza. Ikifika 207, yaani mara moja na nusu ya ile ya kwanza, hiyo si kliniki tena, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Nusu ya pili ya uchunguzi iko kwenye mkojo, na kwa maoni yetu ndiyo inayopuuzwa sana. Figo nzima haiachi protini ipite, ila kidogo mno. Kijiti cha kuchovya mkojoni kilichoonyesha ++ kinapima ukolezo tu: mkojo mzito wa mtu asiyekunywa maji unaweza kuonyesha zaidi ya ukweli, na wa mtu aliyekunywa lita mbili ukaonyesha pungufu. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo na kazi ngumu ya siku iliyotangulia pia vinapandisha. Kipimo cha maana ni ACR, ambacho hulinganisha albumini (protini kuu ya damu) na kreatinini ndani ya mkojo wenyewe, kwa hiyo uzito wa mkojo hausumbui.

Namna ya kuchukua: mkojo wa kwanza wa asubuhi, aamkapo. Aache matone ya mwanzo yaende chooni, kisha akinge wa katikati kwenye kichupa safi cha maabara, si chupa ya soda iliyosuuzwa. Asiwe amepakua mzigo jana yake. Ufike maabara siku hiyo hiyo. Jibu chini ya 30 (miligramu kwa gramu) ni la kawaida, 30 hadi 300 limepanda kiasi, zaidi ya 300 limepanda sana. Baadhi ya maabara huandika kwa kipimo ambacho mipaka yake ni 3 na 30, kwa hiyo msome na maneno madogo yaliyo pembeni ya namba. Likizidi 30 lirudiwe, mara mbili kati ya tatu zikikubaliana ndipo liaminiwe. Pasipo ACR, waombeni uwiano wa protini nzima na kreatinini, ambao kawaida yake ni chini ya 150.

Tena mkojo huo wautazame kwa hadubini. Seli nyekundu zilizopindapinda na vipande virefu mfano wa mirija vinaonyesha kichujio chenyewe kimevimba, na huyo anahitaji bingwa wa figo mapema. Na kama mumeo alikulia sehemu za Muheza, Pangani au popote pwani akiogelea mabwawani, apimwe kichocho. Mkojo wa kichocho huchukuliwa tofauti: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Yaani mkojo wa alfajiri ni wa albumini, wa adhuhuri ni wa kichocho. Mtu akipeleka kichupa kimoja cha asubuhi kwa vyote viwili, mayai yanaweza kukosekana na kichocho kiendelee kubana mirija ya mkojo kimyakimya.

Tuje kwenye picha iliyowachanganya. Altrasaundi inaona umbo, haioni kazi. Inaeleza urefu wa figo (za mtu mzima wengi ni sentimita 9 hadi 12), kama kuna uvimbe wa maji, mawe, au mkojo uliorudi nyuma kwa sababu njia imezibwa. Figo zilizosinyaa hadi sentimita 8 na kung'aa kwenye picha zinasema tatizo ni la zamani. Lakini figo yenye sentimita 10 inaweza kuwa inavuja protini kila siku. Ugonjwa ukiwa mchanga picha huwa safi, na kwa wenye kisukari figo huweza kubaki kubwa hata ugonjwa ukikomaa. Neno "kawaida" kwenye karatasi yenu lina faida moja: halijaonyesha kuziba wala kusinyaa. Mwulizeni tu aliyepiga kama alipima mkojo uliobaki kibofuni baada ya kukojoa, maana mwanamume wa miaka 52 tezi dume lake nalo liko kwenye orodha ya watuhumiwa.

Baada ya miezi mitatu, daktari ataunganisha vitu viwili: herufi G kwa uchujaji na A kwa albumini. G1 ni 90 na kuendelea, G2 ni 60 hadi 89, G3a ni 45 hadi 59, G3b ni 30 hadi 44, G4 ni 15 hadi 29, na chini ya 15 ni G5. A1, A2 na A3 ni ile mipaka ya 30 na 300. Watu hushika G peke yake, na hapo ndipo wanapokosea. Mwenye 53 na albumini ya 10 anaweza kwenda miaka mingi akafa na uzee wake. Mwenye 53 ileile na albumini ya 800 yuko kwenye njia nyingine kabisa. Hata mwenye 95, figo zinachuja vizuri, akivuja albumini ya 400 kwa miezi mitatu ana ugonjwa sugu wa figo.

Kisha litafutwe chanzo, maana "ugonjwa sugu wa figo" ni jina la hali, chanzo ni kingine. Presha ya miaka minane isiyotibiwa inatosha kuwa mshukiwa wa kwanza, ingawa presha yenyewe huweza kuwa imeletwa na figo. Sukari yake ni nzuri, VVU hana. Bado homa ya ini B na C, na swali ambalo wanaume huona aibu kujibu: anatumia mkorogo au sabuni ya kung'arisha ngozi? Zebaki iliyomo kwenye baadhi yake hupenya ngozini na kuharibu vichujio, protini ikamwagika kwa wingi. Jambo hili lilishaandikwa na madaktari wa Nairobi tangu 1972. Wewe pia, dada, angalia kabatini.

Kuhusu mashine: 53 iko mbali nayo. Wengi huanza kusafishwa damu uchujaji ukiwa chini ya 10, na mara nyingi dalili ndizo huamua kuliko namba. Msiuze kiwanja. Pesa zenu za sasa ni za vipimo vya mkojo na vidonge vya presha.

Na mgongo? Dereva wa miaka 52 mwenye maumivu ya kiunoni yanayozidi akikaa na kupungua akinyooka ana mgongo wa dereva. Figo ziko juu zaidi, chini ya mbavu za nyuma, na ugonjwa sugu kwa kawaida hauumi kabisa, hapo ndipo hatari yake ilipo. Hukuta mtu amekwenda miaka bila kusikia chochote. Maumivu ya figo ni ya jiwe, yanayokuja kwa mawimbi na kushuka kinenani, au ya maambukizi yenye homa na kutetemeka.

Lita tano aziache. Figo si bomba lililoziba kusema utalizibua kwa kusukuma maji, na maji yakizidi yanaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa. Anywe kwa kiu, mkojo uwe wa njano hafifu, na akiwa barabarani asijinyime. Watu wa pwani, tahadhari moja pembeni: juisi ya birimbi inayonywewa kama dawa ya mafuta mwilini imewahi kuzimisha figo za watu huko Kerala, India, kwa sababu ya oksaleti nyingi. Birimbi mbili tatu kwenye mchuzi ni jambo jingine.

Presha ndiyo kazi kubwa. Amlodipini inamezwa kila siku, kichwa kiume kisiume. Nunueni mashine ya mkononi, ya kufunga juu ya kiwiko. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, amekojoa, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, asizungumze. Apime mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, asubuhi na jioni, siku saba, na namba za siku ya kwanza mziache. Lengo ni chini ya 130/80. ACR ikithibitisha protini, mwulizeni daktari kuhusu losartani au enalapril, zinazoshusha presha na kupunguza uvujaji. Baada ya wiki mbili hadi nne za kuanza, kreatinini na potasiamu vipimwe tena. Kreatinini kupanda hadi asilimia 30, kwake yeye hadi kama 179, kunavumiliwa na dawa haikatwi. Wengi huitupa hapo kwa woga. Potasiamu ikipita 5.5, arudi kwa daktari. Albumini ikizidi 200, ipo pia dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari lakini sasa hutolewa kulinda figo hata kwa asiye na kisukari.

Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko cha chai kilichosawazishwa, gramu 5, ikihesabiwa na ile ya ng'onda, vipande vya supu na chipsi za njiani. Ndizi na maharage asikatazwe kabla potasiamu haijajulikana, tumeona watu wanakondeshwa bure.

Akianza kuvimba uso au miguu, kukojoa kidogo mno, kutapika, au kushindwa kupumua akilala, msingoje tarehe ya kliniki.

Halafu kuna ngiri. Namba zikitulia, upasuaji unaweza kufanyika. Ila baada ya upasuaji, sindano ya kutuliza maumivu inayochomwa wodini mara nyingi ni diklofenaki. Andikeni kwa herufi kubwa juu ya faili lake, na mwambieni wa dawa ya usingizi na muuguzi wa zamu, kila mmoja kwa mdomo: huyu asichomwe.